Friji Lililozimwa Mchana

2 Juni, Jumatatu

Umeme umeisha maharage yakiwa bado magumu. Nilidhani wamekata mtaa mzima. Nikatoka nje, nikasikia redio ya kwa jirani yetu Oliva inaongea kama kawaida. Kumbe ni sisi tu. Baba Noela akaenda kuitazama mita, akarudi ameshika kiuno.

"Mama Noela, yuniti tulizonunua juzi zimekwenda wapi?"

Ananiuliza mimi, kana kwamba nimezila.

Mbaya zaidi, tulitumia mno miezi iliyopita, tukatolewa kwenye ile bei ndogo ya wanaotumia umeme kidogo. Sasa fedha ileile inaleta yuniti chache kabisa. Baba Noela anasema tukijibana vizuri tutarudishwa. Yeye ni karani mstaafu wa mahakama, anaamini kila jambo lina utaratibu wake. Mimi sijui tujibane wapi. Tuna taa, redio, pasi, friji, jiko la koili, na hita ya kuchemshia maji ya kuoga. Hatuna viwanda.

3 Juni

Maharage nimeyamalizia kwa mkaa. Macho mekundu.

5 Juni

Baridi ya Songea imeingia rasmi. Ukungu umefunika Mjimwema mpaka saa tatu asubuhi, na leo ndiyo siku Baba Noela aliyochagua kuifungia hita kabatini. Tunaoga maji ya kuni. Ameondoa balbu ya kibarazani na ya korido, na jioni anatembea na tochi ndani ya nyumba yake mwenyewe kama mgambo.

Mchana alinionyesha jambo alilolisikia redioni: unachemsha maharage kidogo tu, unaipua na sufuria lake, unalifukia kwenye kapu lenye matambara, yanajiivisha yenyewe. Matambara hayakutosha, akavua koti lake. Nilikaa nikilitazama kapu kama mtu anayengoja mayai yaanguliwe. Jioni tulifungua. Yameiva! Koti linanuka kitunguu, lakini yameiva.

Sielewi yameivaje bila moto, lakini nimekula.

8 Juni, Jumapili

Nimeongea na mpangaji wetu, Zuhra, kuhusu kubana umeme. Ana chumba kimoja cha uani, taa moja, na chaja ya simu. Ni binti wa Tunduru, anafanya kazi kwenye duka la fotokopi Bombambili, anatoka asubuhi na kurudi mchana kula, kisha anarudi tena kazini. Ana adabu. Ana mchumba huko kwao, Twaha, na ndoa imepangwa baada ya mauzo ya korosho.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Tunabana umeme. Usipige pasi kila siku."

"Sawa Mama. Ila friji halitazimwa, eti?"

"Friji linakuhusu nini wewe?"

"Kile kikopo changu."

Nilikuwa nimekisahau. Alipohamia mwezi wa tatu aliomba kitu kimoja tu, aweke kikopo cheupe cha plastiki kwenye friji letu. Alisema ni dawa ya ngozi, haipendi joto. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kwa baridi hii hata chini ya kitanda ni friji.

Hakucheka.

14 Juni

Oliva kanipa ujuzi baada ya sala ya jumuiya. Anasema friji ndilo linalotula. Yeye kwake anajaza chupa za maji, jioni anageuza kile kitufe cha ubaridi mpaka mwisho, usiku kucha linagandisha, asubuhi anazima. Chupa zilizoganda zinashika ubaridi mchana kutwa. "Unatumia umeme nusu siku," akasema. Ukiisikia inaingia akilini kabisa.

Nimepanga chupa chini na katikati. Kikopo cha Zuhra nimekisogeza juu, nyuma kabisa, pale panapogusana na sehemu ya barafu. Nyama yetu nimeitia barafuni.

15 Juni

Asubuhi chupa zote mawe. Nimezima. Baba Noela kanipongeza.

20 Juni

Nimerudi sokoni mchana nikakuta friji linanguruma. Nilizima mwenyewe asubuhi. Nikamuuliza Baba Noela, akasema hajaligusa. Zuhra alikuwa ameshakula na kuondoka.

21 Juni

Tena.

23 Juni

Leo nilijibanza jikoni nikijifanya nachambua mchele. Zuhra akaingia, akaenda moja kwa moja ukutani, akawasha swichi, akafungua friji, akatoa kikopo chake. Akakishika kwa mikono miwili. Alipogeuka akaniona.

"Mama, kikopo hiki nani alikihamisha?"

"Mimi. Chupa zilitaka nafasi."

"Kina barafu."

"Si ulisema hakipendi joto?"

Akakirudisha, safari hii mlangoni kwenye nafasi ya mayai, akatoka bila hata kula. Alipoondoka nikazima swichi. Nilikaa nikijiuliza ni dawa gani ya ngozi inayomfanya mtu akaribie kulia. Nikajijibu, watoto wa siku hizi na mikorogo yao ya kujichubua.

Kikopo pale kwenye mayai kilizuia mlango usifunge vizuri. Jioni nimekirudisha juu.

30 Juni

Hiki ndicho kinachonichanganya. Tumezima friji mchana, tumefungia hita, tunatembea na tochi, maharage yanalala ndani ya koti. Na yuniti zimeisha upesi vilevile. Baba Noela amekaa mbele ya mita akiitazama kama shahidi anayedanganya.

"Kuna mtu anatumia umeme humu ndani," akasema.

"Nani? Tuko watatu."

Wote wawili tuligeuka tukatazama uani.

2 Julai

Zuhra anakonda. Na anakula! Jana alimaliza ugali na dagaa wa Nyasa, akaomba ukoko. Halafu anakunywa maji, ndoo nzima kwa siku. Na choo cha uani mlango haupumziki, namsikia akienda na kurudi, kwenda na kurudi.

Anakula sana, anakonda, anakojoa. Mimi nimezaa watoto wanne. Sikutaka kufikiri nilichofikiri.

4 Julai

Ametapika asubuhi karibu na karo. Nikamwuliza kulikoni, akasema ni chai ya jana.

Sasa nimefikiri.

5 Julai, Jumamosi

Nimefanya jambo ambalo sijui kama ni sawa. Zuhra alipokwenda kazini nilichukua ufunguo wa akiba nikafungua chumba chake. Nilijiambia natafuta jiko la umeme au hita, kwa sababu ya yuniti. Hakuna jiko. Hakuna hita. Kuna kitanda kimetandikwa vizuri, mswala, nguo chache, chupa tupu za maji, biskuti na pakiti ya glukosi. Glukosi ya nini kwa mtu mzima? Mimi nilipewa glukosi nilipokuwa na mimba ya Noela, nikiwa sina nguvu.

Nimefunga mlango, nimerudisha ufunguo. Mita bado sielewi, lakini tumbo la Zuhra nadhani nimelielewa.

6 Julai, Jumapili

Nimemwambia Oliva. Sikupanga. Tulikuwa tunatoka misani, akauliza mpangaji wangu mbona kapauka, nikasema, "Mwenzangu, nadhani yule mtoto ana mimba, na mchumba yuko Tunduru tangu mwaka jana." Oliva akashika mdomo. Nikamwambia yasitoke. Akasema yatoke aende nayo wapi.

10 Julai

Upepo. Lakini nguo hazikauki kwa baridi.

13 Julai

Nimejaribu kumfungulia mlango aseme mwenyewe. Nilimkuta ameketi juani kwenye ngazi, amejifunika khanga mbili.

"Zuhra, mimi ni mama yako hapa mjini. Kama kuna jambo, mama haogopwi."

Akanitazama. Macho yameingia ndani.

"Kuna jambo, Mama."

"Sema."

"Naomba friji lisizimwe. Nitachangia umeme."

Nilihisi damu inapanda. Mtu namwekea kifua changu alie, ananiletea habari ya friji! Nikamjibu kwamba katika nyumba hii friji linasimamiwa na mwenye friji. Akasema, "Samahani Mama," akainuka kwa kushika ukuta.

Alipopita karibu yangu pumzi yake ilinuka ajabu. Kama mapera yaliyolala. Nikasema moyoni, amekunywa mitishamba ya kutoa.

16 Julai

Hakwenda kazini. Anasema tumbo linauma. Nimempelekea uji, ameunywa, ukarudi.

18 Julai, Ijumaa

Naandika haraka, maneno yatakaa yatakavyokaa.

Asubuhi hakutoka. Nikagonga. Nikasikia pumzi, si ya mtu aliyelala. Ilikuwa pumzi ndefu, nzito, kama ya mtu aliyetoka kupanda kilima na magunia. Nikafungua kwa ule ufunguo wa akiba. Alikuwa ubavuni, midomo imekauka imepasuka, namwita ananitazama bila kunifikia. Nikapiga kelele. Baba Noela akaja na kandambili moja mguuni, akambeba. Mzee wa miaka sitini na nane, akambeba kama mtoto, akasema, "Mama Noela, huyu hana uzito."

Bajaji ikatupeleka hospitali. Muuguzi wa mapokezi akauliza amefanya nini. Na mimi, kwa kinywa changu, nikasema: "Nadhani ana mimba. Nadhani amekunywa kitu."

Nikaona nyuso zinabadilika. Wakaanza kuuliza mimba ya miezi mingapi, amekunywa nini, lini, kanunua wapi. Kila swali najibu sijui, labda, nadhani. Zuhra alikuwa anatikisa kichwa kidogo tu, na mimi nikaona ni maumivu. Sasa najua alikuwa anakataa.

Akaja muuguzi mwingine, mama mfupi mwenye miwani. Akainama usoni pa Zuhra kama anataka kumbusu, akanusa. Hakuuliza habari ya mimba. Akamtoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye kale kamashine. Akaitazama, akaita daktari kwa sauti iliyonitoa jasho.

"Huyu ana sukari. Anatumia insulini?"

"Sukari? Ana miaka ishirini na minne!"

"Mama, hapa nina mgonjwa wa miaka minne. Dawa yake iko wapi?"

Nikasema hana dawa, nakaa naye nyumba moja, ningejua. Nilipomaliza tu kusema hivyo, kile kikopo cheupe kikanijia machoni.

Nikarudi nyumbani kwa bodaboda, mimi ambaye huwa siipandi. Friji lilikuwa limezimwa. Kikopo juu, nyuma, kimeshikwa na barafu kwenye ukuta wa friji mpaka nikakibandua kwa kisu. Ndani yake mna kichupa cha dawa na sindano ndogo ndogo zimepangwa kwa usafi. Hakuna mkorogo wowote.

Nilipokifikisha hospitali, yule mama wa miwani akakiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii imeganda."

"Ikiyeyuka si inarudi?"

"Hairudi, Mama. Ikishaganda imekufa. Mtu anajidunga kila siku anadhani anajitibu, kumbe anajidunga maji."

Sikumwambia nani aliigandisha. Hakuuliza. Nilikaa kwenye benchi la nje mpaka Baba Noela aliponiletea sweta. Nikamweleza yote. Akanivisha sweta, halafu akasema, "Na tulikuwa tunapongezana."

19 Julai

Yuko hai. Dripu mbili. Hajaongea.

20 Julai

Sikwenda misani. Sijui ningemwambia nini Mungu, na Oliva angekuwa pale.

21 Julai, Jumatatu

Ameongea. Kwanza aliomba maji, kisha akaniuliza nani yuko dukani kwake. Nikamwambia kila mtu ana taarifa kwamba anaumwa. Akashtuka.

"Wanajua naumwa nini?"

"Hapana."

Akafumba macho. Kisha akanieleza kidogo kidogo. Alianza kuumwa akiwa kidato cha pili. Kwao wachache wanajua. Kulikuwa na mchumba wa kwanza, familia yake ilipoona sindano ikasema hawawezi kuoa maradhi, kesho mtoto hazai, keshokutwa wanazika. Ndiyo maana alikuja Songea, na ndiyo maana Twaha hajui.

"Niliona kimeganda, Mama. Nilifundishwa kwamba kikiganda ni cha kutupa. Lakini tarehe ya kliniki ilikuwa mbali. Nikajua wataniuliza kimegandaje, nitajibu nini? Nikakiangalia, kikaonekana kama kawaida. Nikasema labda."

"Kwa nini hukuniambia mimi ni dawa gani?"

Akageuza kichwa ukutani.

"Mama, na wewe kwa nini hukuniuliza? Siku zote ulikuwa unanitazama. Hukuniuliza hata mara moja."

Nilimwuliza! Si nilimwambia mama haogopwi? Nimerudi nyumbani nikibishana naye kichwani njia nzima. Nilipofika mlangoni nikaona kwamba kweli, sikuuliza. Nilikuwa nangoja akiri nilichokwisha kuamua.

22 Julai

Baba Noela alikwenda kuuliza kwa fundi wa mafriji. Fundi alicheka. Kasema friji likigeuzwa mpaka mwisho linafanya kazi bila kupumzika, na likizimwa mchana linaanza upya kila jioni kupoza chupa zote zile. Tulikuwa tunakula umeme mwingi kwa kujibana. Mwizi wa yuniti alikuwa ujuzi wetu.

Sijui nicheke au nifanye nini. Nimeosha friji lote kwa sabuni, kana kwamba tatizo ni uchafu.

25 Julai

Zuhra ametoka hospitali. Kitufe cha ubaridi kiko katikati, na Baba Noela amebandika plasta juu ya swichi asiweze kuizima yeyote, akiwemo yeye. Ameondoa balbu ya sebuleni badala yake. Tulikaa gizani watatu, tukila, friji likinguruma peke yake. Zuhra alikula kidogo, akasema asante, akaenda chumbani kwake. Ufunguo wa akiba nimemkabidhi. Aliupokea, akaufunga kwenye pindo la khanga.

29 Julai

Simu ya Zuhra imelia nikiwa naye uani. Alisikiliza tu. Alipokata alikuwa wa rangi nyingine.

"Mama yake Twaha anakuja. Kasikia nina mimba."

Nikakaa chini palepale kwenye ndoo. Oliva ananunua mchele kwa mwanamke wa Tunduru anayeitwa Shakila. Sikuhitaji kuelezwa zaidi.

"Nani kasema neno hilo, Mama? Mimi sina mimba. Nani kakaa akalitunga?"

Nilimwambia. Nilisema ni mimi, nilimwambia Oliva nje ya kanisa. Nilitegemea apige kelele. Aliniangalia kama mtu aliyepewa hesabu isiyo na jibu, akaanza kuihesabu kwa sauti ndogo.

"Nikisema sina mimba, wataniuliza kwa nini nililazwa. Nikisema kwa nini nililazwa, ndoa haipo. Nikinyamaza, nina mimba, na ndoa haipo." Akanitazama. "Mama, wewe ungechagua lipi?"

Nimezaa wanne, nimezika mmoja, nimeongoza jumuiya. Niliinuka, nikaichukua ile ndoo, nikaenda kuteka maji.

1 Agosti

Nimegombana na Oliva. Anasema nilimwambia mwenyewe kwa hiari yangu. Ni kweli, ndiyo maana nimegombana naye.

2 Agosti, Jumamosi

Bi Mwamvua, mama yake Twaha, amefika kwa basi la mchana. Mwanamke mrefu, mkavu, baibui lake limekunjwa kwa uangalifu kuepuka vumbi. Salamu zote zilitimia, habari za safari, habari za watoto, habari za mashamba. Anajibu kwa neno mojamoja. Nilimkaribisha chai, akakishika kikombe bila kunywa. Baba Noela akaomba radhi kwa giza la sebuleni, akarudisha balbu.

Zuhra alikaa mkekani. Bi Mwamvua akasema, "Mwanangu, nimekuja kwa sababu maneno ya simu hayana uso. Nimeambiwa jambo. Nataka kulisikia kwako."

Nikasema mimi kabla Zuhra hajafungua mdomo. "Bi Mwamvua, hilo neno nililianzisha mimi. Nilimwona anatapika nikajitungia. Ni uongo. Mimba haipo."

Akanigeukia taratibu. "Hospitali nako ulimpeleka kwa uongo?"

Nikamtazama Baba Noela, naye akatazama miguu yake.

Zuhra akainuka, akaenda jikoni. Nikasikia mlango wa friji. Akarudi na kikopo, akakaa tena mkekani, akakifungua mbele yetu sote. Akavuta dawa kwenye sindano, akaigonga kwa kucha kutoa hewa, akainua kidogo pindo la blauzi ubavuni, akajidunga. Mimi ndiye niliyefumba macho.

"Hiki ndicho ninachokificha, Mama," akasema. "Ni sukari, ninayo tangu nikiwa shuleni. Nitajidunga hivi kila siku mpaka nife. Naweza kuzaa, daktari kasema, kwa uangalizi. Twaha hajui. Niliogopa. Kama mnaondoka, ondokeni kwa hili, si kwa ile mimba."

Nje kuku walikuwa wanagombania kitu.

Bi Mwamvua akakitazama kile kichupa kwa muda.

"Inauma?"

"Nimezoea."

"Na lazima kikae kwenye baridi?"

"Lazima, Mama."

"Kijijini kwetu umeme haujafika. Kitakaa wapi?"

Zuhra akainamisha kichwa, machozi yakadondoka kwenye mkeka. Bi Mwamvua akaweka kikombe chini, akauliza kibla kiko upande gani, akaenda kuswali. Hayo tu.

Nimempa chumba cha Noela. Sijui kama nimelaza mkwe au mtu aliyekuja kuvunja.

3 Agosti

Bi Mwamvua amefagia uwanja wangu bila kuombwa. Amemsalimia Zuhra, wameongea habari ya mpunga. Habari ya ndoa hakuna. Nilikwenda misani nimechanganyikiwa, nikarudi vilevile.

4 Agosti, Jumatatu

Aliniuliza asubuhi: "Yule muuguzi aliyemnusa, anapatikana?"

Nikampeleka. Nilidhani anataka kuthibitisha kwamba si mimba. Walikaa mbele ya dirisha, yeye na yule mama wa miwani, mimi nikabaki mlangoni. Niliona muuguzi anachora kwa kidole juu ya meza, duara kubwa, duara dogo ndani yake. Bi Mwamvua anatikisa kichwa, anauliza, anatikisa tena.

Tulipotoka hakunieleza kitu. Akasema, "Nipeleke wanakouza vyungu."

Vyungu! Nikafikiri labda ni zawadi za kupeleka kwao. Wengine hawapendi kurudi mikono mitupu hata wakitoka kuvunja uchumba. Alichagua kwa kugonga na kusikiliza, akakataa kimoja, viwili, vitano. Akanunua kikubwa kimoja na kidogo kimoja kinachoingia ndani yake.

Nyumbani akamtuma Baba Noela alete mchanga. Mzee akaenda mbio kama kijana! Bi Mwamvua akautandaza ndani ya chungu kikubwa, akaketisha kile kidogo juu yake, akajaza mchanga pembeni, akaumwagia maji mpaka ukashiba. Akafunika kwa kitambaa kibichi, akakiweka kivulini panapopita upepo. Ndani alikuwa ameweka chupa ya maji ya kawaida, ya kujaribia.

5 Agosti

Siku nzima alikuwa anakitembelea kile chungu kama mgonjwa. Anaongeza maji kwenye mchanga, anarudi. Alasiri akafunua, akatoa ile chupa, akampa Zuhra aishike.

"Vipi?"

"Ya baridi," Zuhra akasema.

"Haijaganda?"

"Haijaganda."

"Kwetu kuna joto kuliko hapa. Huenda ikawa si baridi hivi. Nitajaribu tena nikifika, kabla ya dawa yenyewe. Muuguzi kasema ikishindikana, zahanati ya kata ina friji la sola, tutaomba nafasi."

Tutaomba. Nilisikia vizuri, lakini sikuthubutu kulishika neno lile. Nimewahi kusikia vibaya mwaka huu.

Baba Noela alimwuliza chungu kinatumia yuniti ngapi. Bi Mwamvua alifikiri ni swali la kweli, akamjibu kwamba kinatumia ndoo ya maji.

6 Agosti, Jumatano

Tumemsindikiza stendi, mimi na Zuhra. Vyungu vimefungwa kwenye khanga, kondakta akataka kuviweka chini kwenye mizigo. Bi Mwamvua akamwambia hivyo vinakaa juu ya mapaja yake, na kama nauli ya vyungu ipo, aitaje. Kondakta akaacha.

Alikuwa ameshapata kiti dirishani. Zuhra amesimama chini, amejifunika khanga yake, anautazama mlango wa basi tu. Siku nne mwanamke huyu amekula kwangu, amelala kwangu, amefagia, amenunua vyungu, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kilichomo moyoni mwake. Dereva akawasha gari. Nikaona tutarudi Mjimwema na kitendawili kilekile, tukae gizani tukikitafuna mpaka msimu wa korosho. Nikasogea dirishani.

"Bi Mwamvua, nisamehe, mimi ni mtu wa nje. Nauliza tu. Kwa hiyo ndoa ipo?"

Alinishangaa kwa dhati kabisa, kama vile nimemwuliza kama basi lina magurudumu.

"Kwani mimi nilisema haipo?" Akamtazama Zuhra. "Twaha nimeshaongea naye tangu juzi. Kasema atakuja mwenyewe Ijumaa kujifunza kudunga. Hakukupigia?"

"Hapana, Mama."

"Anaogopa sindano," akasema Bi Mwamvua. "Atakuwa kajificha alie kwanza, ndivyo alivyo. Lakini atakuja."

Basi likaondoka. Zuhra akashika mkono wangu, sijui kama kwa kunisamehe au kwa kutafuta pa kujishikiza, na sikutaka kukisia. Nikamwuliza.

"Bado sijui, Mama," akasema. "Lakini twende, sijala, na nimeshajidunga, lazima nile upesi."

Tukakaa kwenye kibanda cha stendi. Nikamwagizia chapati na maharage. Alikula mpaka mwisho, na mimi nikamtazama akila, bila kufikiri kitu kingine.